Taa ya mimea: tazama kifuniko kabla ya kuuliza bei

Dirisha la jiko letu hapa Mji wa Kale linatazamana na ukuta wa jirani, hatua mbili tu, kwa hivyo dania na mrehani wangu hutegemea taa. Mwaka huu nililipa shilingi 2,400 kwa balbu nyekundu niliyoambiwa ni ya mimea hasa. Wiki tatu baadaye dania ilikuwa imerefuka kama uzi, vikonyo vimepauka, yote imelala ubavuni mwa kopo.

Wengi huuliza wati ngapi. Mimi nauliza: hiyo rangi inatoka wapi? Nilizima balbu ile nikabandua kifuniko. Kumbe plastiki ndiyo iliyotiwa rangi! Ndani mna vitone vya njano, yaani LED nyeupe za kawaida, kwani LED nyeupe ni ya buluu iliyopakwa unga wa njano. Kifuniko hakiongezi wekundu hata chembe. Kinazuia tu rangi nyingine zisipite, buluu ikiwemo, na mche ukikosa buluu hurefuka ovyo.

Nikajaribu kwa gugu la majini ndani ya glasi, kama tulivyofanya shuleni. Kifuniko kikiwepo, vipovu vya oksijeni vilitoka kimoja kimoja, hadi nachoka kungoja. Nilipokitoa, balbu ile ile, umbali ule ule, vikapanda mfululizo kama shanga.

Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hufyonza zaidi buluu ya karibu nanomita 430 hadi 450 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), na nyekundu ya karibu 640 hadi 660. Hata kijani hakipotei bure. Vipimo vya mtafiti McCree vya mwaka 1972 vilionyesha majani hukitumia pia.

Kwa hivyo ya kwanza kwangu ni Philips nyeupe, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, yaani mwanga mweupe unaoelekea buluu. Naipenda Philips na sifichi. Buluu yake inatosha, miche inasimama minene. Iweke shibiri moja juu ya majani.

Ya pili ni paneli nyeupe yenye LED za nyekundu za nanomita 660. Kwa pilipili inayozaa ni bora kuliko Philips, ila bei yake ni ya mwenye shamba. Ya tatu ni zile za zambarau za kweli, nyekundu na buluu tupu. Mmea hukua, lakini majani huonekana meusi, na vidukari wanakula huku huwaoni.

Zile za kifuniko cha rangi ni za mapambo ya harusi.

Kinachoniuma ni bei kupanda kwa neno moja. Nilipouliza balbu ya jikoni, muuzaji alitaja 250. Nilipotaja dania, akaingia ndani akatoka na ile ya 2,400: "Mamangu, hii ndiyo yenyewe." Nilipoirudisha, akasema ikishafunguliwa hairudishwi. Sasa nikienda dukani neno "mimea" silitaji kamwe. Naomba 6500K, inawashwa pale pale kaunta, kisha inazimwa nitazame ndani.