Kapo ya springi kwenye gitaa: uzoefu wangu hapa Malindi

Nimeitumia kapo hii, ile ya kubana kama kibanio cha nguo, miezi minane sasa, kwenye gitaa la nyuzi za chuma na pia la nailoni. Naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Nusu nyota imeliwa na chumvi ya bahari, na moja nzima na gitaa la nailoni.

Kapo hubana nyuzi zote sita kwenye freti moja (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa), na kila freti hupandisha sauti nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kutoka noti moja hadi nyingine. Kwa hiyo ukijua kodi nne tu, G, C, D na Em (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, si za KRA), unaweza kumfuata karibu mwimbaji yeyote. Umbo la G kapo ikiwa freti ya 2 hutoa A. Freti ya 5 hutoa C. Mzunguko wa G–Em–C–D ukiuchezea freti ya 2 unasikika A–F#m–D–E (alama # ni nusu toni juu). Hiyo F#m bila kapo inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote, na anayeanza hulaza kidole nyuzi mbili tatu zikafa.

Chukua Jambo Bwana ya Them Mushrooms, ambayo mgeni wa hoteli pwani hii haondoki bila kuimbiwa. Inakaa kwenye kodi tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano za ngazi, yaani ukianzia G ni G, C na D. Mwanamume wa sauti nzito ataridhika na G. Dada akishika maikrofoni huenda akataka A au B bemoli (nusu toni chini ya B). Wewe unasogeza kapo tu, vidole vinabaki na mazoea yao. Kuchagua freti, mwambie mwimbaji aanze na kiitikio, si ubeti, maana noti za juu mara nyingi ziko huko. Kupita freti ya 5 sikushauri: sauti inakuwa nyembamba kama ya gitaa la mtoto, na vidole vinabanana.

Kosa la kwanza ni mahali pa kuibana. Iweke nyuma tu ya chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa, iende sambamba nacho. Ukiibana katikati ya nafasi, nyuzi zinakoroma na sauti inapanda. Ukiipandisha juu ya chuma chenyewe, zinafifia. Ikishakaa, vuta kila uzi kidogo kwa kidole kisha upime kwa tyuna, kifaa kinachoonyesha noti ya uzi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kapo ikiwa freti ya 2, uzi wa 6, ule mnene kuliko yote, unatakiwa usome F#, si E. Kuanzia uzi wa 6 kushuka hadi wa 1 ni F#, B, E, A, C#, F#. Mtu akiona F# anaulegeza uzi mpaka usome E, na hapo kapo haina kazi tena. Springi hii ina nguvu moja, haina skrubu ya kupunguza, kwa hiyo nyuzi nyembamba huvutika na sauti ikapanda kidogo. Ukiitoa, pima tena.

Kwenye nailoni hainifai. Shingo ya gitaa hilo ni bapa na pana, kama milimita 52 pale kichwani dhidi ya 43 hivi za gitaa la chuma, na mpira wa kapo hii umepinda. Uzi wa 6 haubanwi sawasawa. Tafuta iliyonyooka. Na usidhani dawa ni kulifunga gitaa la nailoni nyuzi za chuma: mvuto wake unang'oa daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa.

Kapo haikufundishi kubadilisha kodi, hilo ni jasho lako. Mimi nalifanya hivi: kidole cha pete kinabaki uzi wa 2 freti ya 3, na kidole cha mwisho uzi wa 1 freti hiyohiyo, kwa G, kwa Em na kwa C. Zinazohama ni shahada na cha kati tu. Kwa D, cha mwisho kinanyanyuka lakini cha pete hakiondoki. Em na C zinapata noti ya ziada, na masikio hayalalamiki. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, mapigo manne kila kodi, anza kuhama baada tu ya pigo la nne. Ukimaliza mizunguko minne bila uzi kufa, ongeza 5. Wanaoinua mkono mzima kila mara ndio wanaochelewa kufika D, halafu wanapiga na uzi wa 6 ambao D haiutaki.

Kuhusu chumvi: springi ilianza madoa ya kutu mwezi wa tatu wa kuitumia, kwa sababu nilizoea kuiacha barazani. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na usiiache imebana nyuzi usiku kucha. Mpira unachimbika mifereji, na nyuzi zikiingia humo hazibanwi tena.

Ukienda kununua, nenda na gitaa lako. Ibane freti ya 2 ukiwa hapohapo dukani, piga uzi mmoja mmoja kuanzia wa 6, na ukikoroma hata mmoja omba nyingine.