Nimemaliza sanduku la Godzilla: uzoefu wangu

Naliita sanduku kwa mazoea tu. Ukilitoa kwenye karatasi yake ni kitabu cha jalada gumu, kikubwa kama rejesta ya mahudhurio ya shule ya msingi, na diski 8 za Blu-ray zimechomekwa kwenye kurasa zake nene. Humo mna filamu 15 za Godzilla, lile dubwana la Kijapani litokalo baharini, yaani zote za awamu ya kwanza, inayoitwa Showa, kuanzia ya 1954 hadi ya 1975. Kampuni iliyolitoa iko Marekani, siitaji, hainilipi. Bei yake huko ilikuwa dola 224.95. Mimi nilivizia punguzo la nusu bei, binamu yangu akalinunua na kuniletea alipokuja likizo ya Desemba. Kwa shilingi zetu ilikuwa karibu laki tatu, ukiacha manung'uniko ya binamu kuhusu kilo za begi lake.

Kilichofuata ni aibu, na kosa ni langu mwenyewe. Diski za Blu-ray zimegawiwa kanda za dunia. Marekani na Japani ziko kanda A, sisi Afrika tumewekwa kanda B pamoja na Ulaya. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua kwamba soda inaharibu meno. Nikaweka diski ya kwanza kwenye deki, familia imeshakaa, bisi zimeshaiva, na runinga ikaniandikia kwa adabu zote kwamba diski hii haichezi hapa. Mama watoto akaniangalia tu. Binti yangu akamaliza bisi. Ilinichukua wiki tatu, na laki moja na nusu nyingine, kupata kwa fundi mmoja Kariakoo deki iliyofunguliwa kanda zote. Kwa hiyo kabla hujamtuma ndugu yako, kaigeuze deki yako usome imeandikwa nini nyuma.

Mtu mzima anataka nini na filamu za mjusi? Nilikulia Tanga, na kwenye banda la video la mtaani kwetu kiingilio kilikuwa shilingi hamsini. Siku moja wakaweka mkanda wa madubwana, umechakaa mpaka picha inatetemeka, na mtafsiri akashika kipaza sauti akampa kila dubwana jina. Yule mkubwa mwenye mapande ya magamba mgongoni, yaani Godzilla mwenyewe, kwa kuwa alitokea baharini, akamwita Mkuu wa Bandari. Tulicheka hadi benchi likavunjika. Nikaishi miaka mingi nikiamini hizo ni filamu za vichekesho.

Filamu ya kwanza ya sanduku hili, ile ya 1954, haina hata chembe ya kichekesho. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ya dakika 96. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, kwa hiyo Jumapili mama alipokuja kutusalimia nikajikuta nimekuwa mtafsiri wa banda: natafsiri, natia na chumvi yangu, mama anacheka. Tokyo ikaanza kuungua. Kamera ikashuka chini, penye ukuta, ambapo mama mmoja ameketi kawakumbatia watoto wake. Anawaambia wasiogope, hivi punde watakwenda kuwa pamoja na baba yao. Ni sekunde chache. Hakuna askari anayekuja mbio kuwaokoa. Mama akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia. Chumvi ikaniishia hapo hapo, na filamu iliyobaki niliitafsiri kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Asubuhi ya pili yake, ndani ya filamu, tuko hospitalini: mtoto wa kike anapimwa kwa kifaa cha mionzi, kifaa kinalia, na mpimaji anatikisa kichwa. Binti yangu akauliza, "Baba, huyo mtoto atakufa?" Nikamjibu ni filamu. Akasema, "Najua ni filamu. Nauliza atakufa?"

Usiku ule nikaanza kutafuta ni nani aliyeongoza kitu hiki. Anaitwa Ishirō Honda, na sikuwahi kulisikia jina lake. Nakala za zamani za ng'ambo zilimwandika "Inoshiro", kwa sababu aliyezisoma zile herufi alizisoma vibaya. Jina lenyewe lina maana yake, kama majina yetu ya kina Juma na Mwaka. Alizaliwa 1911, mwaka wa nguruwe mwitu kwa kalenda yao: "i" ni ya nguruwe huyo, "shi" ni nne kwa kuwa alikuwa mtoto wa kiume wa nne, na "ro" ni mwana. Baba yake alikuwa mkuu wa hekalu la Kibudha huko milimani Yamagata. Kaka yake, daktari wa jeshi, alikuwa akimtumia vitabu na magazeti ya sayansi. Ukichanganya hekalu na magazeti ya sayansi, tayari unaanza kuwaona wale wanasayansi wake wenye dhamira zinazowasumbua.

Nyongeza niliyoipenda kuliko zote katika sanduku ni mahojiano ya 1990 ambamo Honda anazungumza na Yoshimitsu Banno, ambaye naye ni mwongozaji wa filamu mojawapo kati ya hizi 15. Mzee Honda ametulia, anaongea taratibu kama mwalimu mstaafu. Nilitegemea hadithi za mavazi ya mpira ambayo waigizaji walivaa kuwa madubwana. Nikaishia kutafuta wasifu wake, na humo ndimo nilimokutana na vita.

Honda aliingia kampuni ya filamu ya P.C.L., iliyokuja kuwa Toho, mwaka 1933, akiwa kijana mwenye matumaini. Kisha jeshi likamwita. Mwaka 1936 maofisa wa kikosi alichokuwamo wakashiriki jaribio la kupindua serikali, na wanajeshi wa kawaida kama yeye, ambao hawakupanga lolote, wakapelekwa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Akarudi, akaitwa tena, akarudi, akaitwa tena. Jumla alitumikia miaka kama sita hivi, sehemu kubwa China, na vita vilipoisha alikuwa mateka huko huko. Kuna kombora lililomwangukia karibu kabisa likakataa kulipuka. Baadaye alilirudia pale lilipoangukia, akalibeba hadi Japani, akaliweka juu ya meza ya chumba chake cha kazi. Likakaa hapo mpaka alipokufa. Tafakari mtu anayeandika habari za madubwana huku kombora limekaa kando ya karatasi zake.

Aliporejea nyumbani mwaka 1946 treni yake ilipita Hiroshima.

Huku nyuma rafiki yake Akira Kurosawa, aliyeingia kampuni ile ile miaka mitatu baada yake, alikuwa ameshaongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1943. Honda alipata ya kwake ya kwanza ya hadithi mwaka 1951, ana miaka 40. Simsikii mahali popote akilalamika. Mimi ningelalamika.

Kwa hiyo mwaka 1954 ulimkuta tayari. Machi mwaka huo Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, na wavuvi 23 wa meli ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryū Maru wakanyeshewa majivu yake. Mmoja wao akafariki Septemba. Filamu ikatoka tarehe 3 Novemba, na inaanza kwa mabaharia walioketi juu ya sitaha ya meli, halafu mwanga mkali kutoka baharini. Hakuna Mjapani aliyehitaji mtafsiri. Katikati kuna abiria kwenye treni wanaozungumzia samaki wenye sumu ya mionzi, na mwanamke mmoja analalamika kwamba ameponea chupuchupu Nagasaki, sasa hili nalo. Wamarekani walipoitoa kwao mwaka 1956 waliikata, wakamchomeka mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari, na maneno ya aina hiyo mengi yakapotea. Toleo hilo nalo limo sandukuni. Liangalie siku inayofuata, uone jinsi mkasi unavyoweza kumtoa mtu meno.

Uzuri wa kuwa na zote 15 mahali pamoja ni kwamba unaanza kutambua mkono wa mtu. Nane ni za Honda, tano za Jun Fukuda, moja ya Motoyoshi Oda na moja ya huyo Banno. Za Fukuda ni nyepesi, zina visiwa na mbio na muziki wa kuchangamka, na mwanangu mdogo hataki nyingine. Za Honda utazijua kwa watu. Kazi ziligawanywa: Eiji Tsuburaya alipiga picha za mavazi ya mpira na majumba madogo madogo, Honda akapiga za binadamu. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, na Haruo Nakajima aliyelivaa alikuwa akipiga hatua chache anaishiwa pumzi. Lakini ninachoamini ni kwamba dubwana linaonekana zito kwa sababu ya wale watu wa Honda wanaokimbia huku wamebeba magodoro, vikapu na wazee mgongoni. Hawakimbii kama waigizaji. Wanakimbia kama watu ambao mwongozaji wao amewahi kuona watu wakikimbia.

Malalamiko ninayo. Filamu ya 1962, ile ambayo Godzilla anapambana na sokwe mkubwa King Kong, Honda aliitengeneza kama kejeli: bosi wa kampuni ya dawa anataka dubwana la kumpandishia watazamaji wa matangazo yake ya televisheni. Ilipendwa kuliko zote kwao, tiketi zaidi ya milioni 11. Lakini sandukuni toleo lililopewa kiti cha mbele ni lile la Kimarekani, limekatwa kejeli karibu yote, na la Kijapani limetupwa diski ya mwisho pamoja na nyongeza. Nimeshamkaribisha mgeni kwa toleo baya bila kujua. Lingine: kwa kuwa kitu hiki ni kipana kuliko rafu ya kawaida, hapa kwangu kinalala juu ya kabati la vyombo, na kila nikitaka diski napanda kigoda.

Sasa niitetee moja ambayo mashabiki wengi wanaitukana, ya 1969. Fedha zilikuwa zimepungua, mapigano mengi yamechukuliwa kutoka filamu za nyuma, Tsuburaya mgonjwa, akafariki Januari iliyofuata. Hadithi ni ya Ichiro, mtoto anayeishi mtaa wa viwanda, moshi kila kona. Baba na mama wako kazini. Anarudi kutoka shule, anafungua mlango mwenyewe, nyumba tupu, watoto wakubwa wa mtaani wanamwonea. Madubwana anakutana nayo ndotoni tu. Niliwahi kuwa mtoto wa kuvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Nakumbuka sauti ya mlango ule ukifunguka kwenye nyumba isiyo na mtu saa nane mchana. Katika filamu zote za sanduku hili, hiyo ndiyo niliyoirudia mara tatu, na mapigano niliyaruka.

Ya mwisho ya Honda ni ya 1975. Tiketi hazikufika milioni moja, wakati ile ya kwanza ilikuwa imepita milioni tisa. Hakuongoza filamu nyingine ya hadithi ya sinema baada ya hapo. Ungedhani kisa kimekwisha, mzee kaenda kufuga kuku. Kumbe Kurosawa alimwita tena, na Honda, mwongozaji mwenye jina lake mwenyewe duniani, akarudi kuwa msaidizi wa rafiki yake kwenye filamu tano, kuanzia Kagemusha ya 1980 hadi ile iliyotoka 1993. Alifariki Februari mwaka huo, ana miaka 81.

Je, ununue? Kama una deki ya kanda zote, Kiingereza cha kusoma haraka, na mtu wa kukubebea, ndiyo. Kama hutaki filamu 15, itafute ile ya 1954 peke yake, ya Kijapani, usiku, bila watoto wadogo. Kama unayo deki ya kawaida ya kanda B, usijaribu bahati, utakula bisi bure.

Mimi nimeshamwandikia binamu tena. Mwaka 1949, kabla hajawa mwongozaji, Honda alimsaidia Kurosawa kwenye filamu ya polisi aliyeibiwa bastola. Alitumwa na kamera kwenye masoko ya magendo ya Tokyo iliyobomoka, na pale ambapo polisi yule anaonekana miguu tu, akitembea na kutembea katikati ya watu, miguu hiyo ni ya Honda. Haimo sandukuni. Binamu amejibu kwamba diski moja haina uzito, ila safari hii nimlipie kabla.