Uzoefu wangu na msanifu majengo: ukarabati wa nyumba nne kwa mpigo

Jengo lenyewe ni la ghorofa moja, nyumba mbili chini na mbili juu, na wapangaji wawili hawakuhama wakati wa kazi. Sikuwahi kukarabati kitu kikubwa kuliko jiko. Msanifu nilimtafuta kwa ajili ya ramani za kibali tu, mengine nilijiona nimeshayamaliza kichwani.

Wa kwanza niliyeongea naye alitaka asilimia ya gharama ya ujenzi. Wengi hutoza hivyo, lakini sikupenda: gharama ikipanda, naye anapanda. Niliyemchukua alitoza bei maalumu kwa kila hatua: vipimo na michoro ya awali, ramani za kibali, michoro ya mafundi, kisha usimamizi.

Siku mbili nzima alipima tu. Nilianza kununa, maana ramani ya zamani nilikuwa nayo. Kumbe ilikuwa inadanganya: chumba kilichoandikwa mita 3.6 kilikuwa na 3.42. Hizo sentimita 18 zingetosha kabati la jikoni kugoma kuingia. Kisha akafika kwenye ukuta niliotaka uvunjwe, akaugonga kwa kiganja, akapanda juu, akashuka, akaugonga tena. "Huu umebeba uzito wa juu. Hauguswi mpaka mhandisi auone." Mhandisi alipokuja alikubaliana naye, ukuta ukabaki, tukafungua mlango mpana tu na kuweka boriti juu yake.

Choo cha juu nacho nilitaka kukihamishia upande wa barabarani. Alinichorea mstari mmoja wa wima: bafu juu ya bafu, jiko juu ya jiko, bomba moja la maji machafu kwa nyumba mbili. Ningeshikilia langu, bomba lingepita juu ya dari ya chumba cha kulala cha mpangaji wa chini, na kila maji yakivutwa usiku angeyasikia.

Malalamiko ninayo. Ujumbe anajibu baada ya siku tatu, nne. Na kwenye michoro ya umeme alisahau nafasi ya mita nne za umeme, moja kwa kila nyumba. Fundi umeme ndiye aliyegundua, ukuta ukiwa umeshapigwa plasta. Tukabomoa. Msanifu alirekebisha mchoro bila malipo, lakini plasta ilikuwa ya kwangu.

Kosa kubwa ni langu. Hatua ya usimamizi niliifuta kwenye mkataba kwa kalamu yangu, nikijiona nimebana matumizi. Wiki ya tano fundi bomba akatoboa tumbo la boriti kupitisha bomba la milimita 110, akakata na nondo mbili. Mimi nilikuwepo, nimesimama pale pale, sikuona tatizo. Msanifu alipokuja, safari hii kwa malipo ya saa, alisimamisha kazi na kumwita mhandisi. Kuiimarisha ile boriti kulikula karibu akiba yangu yote ya dharura, ile asilimia 15 aliyonisisitizia niitenge na mimi nikaona anatia chumvi.

Ramani nampa nyota tano, mawasiliano mbili. Nyumba zilizobaki wazi zimeshapata wapangaji. Nikikarabati tena namrudia huyuhuyu, ila siku ya kusaini kalamu atashika yeye.