Matairi ya pikipiki za safari: lipi linunuliwe kwanza na lipi liachwe dukani

Matairi yenye meno makubwa yanayonunuliwa kwa ajili ya vumbi, mengi yanamalizwa na lami. Toka Dar es Salaam uelekee Ruaha: hadi Iringa ni karibu kilomita 500 za lami ya moto, malori mbele na nyuma, masanduku ya pembeni yamejaa. Vumbi lenyewe linaanza baada ya hapo. Arusha kwenda Ziwa Natron, lami inakusindikiza zaidi ya kilomita 100 mpaka Mto wa Mbu ndipo inapokuacha. Upande wa Kenya mabadiliko ni makubwa zaidi. Kipande cha Isiolo hadi Moyale, ambacho wasafiri wa Cairo hadi Cape Town walikiogopa kwa mawe na mawimbi yaliyokuwa yakipasua shokapu, leo ni lami hadi mpakani. Dodoma hadi Babati nako ni lami. Ule ushauri wa zamani wa kuvaa matairi ya matope kuanzia Nairobi umepitwa na barabara zenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wangu unatazama swali moja kabla ya mengine: tairi litabaki na nini siku lami itakapoisha?

Zile asilimia za 50/50, 80/20 na 40/60 zinazotajwa madukani, yaani lami kwa vumbi, kila kampuni inajipangia. Hakuna kipimo cha pamoja kinachozithibitisha. Zitumie kujua kundi, usizitumie kulinganisha kampuni na kampuni.

Nafasi ya kwanza: nusu kwa nusu, yenye mpira mgumu

Hapa ndipo ningepeleka fedha za wasafiri wengi wa Afrika Mashariki, iwe wana Honda Africa Twin, BMW GS au Royal Enfield Himalayan. Majina ya kutafuta ni Mitas E-07 na E-07+ (siku hizi huenda ukayakuta yameandikwa Enduro Trail), Heidenau K60 Scout, Motoz Tractionator GPS na Dunlop Trailmax Mission.

E-07 inatengenezwa Slovenia, na mimi ndiyo ningeanza nayo. Meno yake yamepangwa kwa umbo la V, yanashika changarawe vizuri na hayachakai haraka kwenye lami. Kuna aina inayoitwa Dakar, yenye alama ya njano, ambayo ubavu wake ni mgumu zaidi. Kwa pikipiki ya kilo 250 inayobeba abiria na masanduku, ubavu huo una maana kubwa, kwa sababu jiwe lenye ncha likikosa kupasua sehemu ya meno huja kupasua ubavu, na ubavu haurekebishiki porini. Lakini ugumu una bei yake: fundi wa kijijini mwenye tairileva (vyuma vya kuvulia tairi) mbili tu atatoka jasho kulivua. Ukiwa na pikipiki nyepesi na mzigo mdogo, chukua E-07 ya kawaida.

K60 Scout ya Ujerumani ndiyo inayodumu kuliko karibu zote katika kundi hili. Saizi pana za nyuma, kama 150/70, zina mstari wa mpira usiokatika katikati. Mstari huo ndio unaoipa maisha marefu, na huohuo ndio unaoteleza ukiingia matope ya mfinyanzi. Saizi nyembamba hazina mstari huo, meno yanakwenda mpaka katikati, kwa hiyo mwenye pikipiki ya wastani anapata tairi tofauti kabisa chini ya jina lilelile. Jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia: lami ikilowa, hasa mvua ya kwanza iliyochanganyika na mafuta ya malori, K60 inahitaji mkono wa taratibu kwenye breki na kwenye mafuta.

Tractionator GPS ina mbinu nzuri. Tairi la nyuma linaweza kufungwa kwa mwelekeo wowote kati ya miwili, mmoja ukiipa lami nafasi zaidi na mwingine vumbi. Kulipata ndiyo kazi, mara nyingi utaagiza kutoka nje.

Nafasi ya pili: kuchanganya mbele na nyuma

Wengi hununua matairi kwa jozi kwa sababu yanapendeza yakifanana. Pikipiki haijali kupendeza. Tairi la nyuma linabeba mzigo na kusukuma, ndilo linaloisha haraka. La mbele linaongoza na kufunga breki, na linakula mpira polepole zaidi. Basi laini liwe mbele, gumu liwe nyuma: Continental TKC 80 mbele, na E-07 au K60 nyuma. Kwenye mchanga na matope, gurudumu la mbele likishika, la nyuma likiyumba kidogo utalivumilia. Likipotea la mbele, uko chini kabla hujajua.

Nimeiweka ya pili na si ya kwanza kwa sababu ya lami tu. TKC 80 ya mbele inavuma, na kwenye kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, mvua ikinyesha utaihisi ikijongea chini yako. Anayepita huko mara kwa mara kwa kazi abaki na jozi ya nafasi ya kwanza. Asiyejali kupunguza mwendo, huu ndio mchanganyiko bora kuliko wote.

Nafasi ya tatu: meno makubwa, mpira laini

TKC 80 jozi nzima, Michelin Anakee Wild, Metzeler Karoo 4. Pirelli Scorpion Rally STR iko kati ya kundi hili na lile la kwanza. Ndiyo inayokuja kiwandani na Yamaha Ténéré 700, na mwenye pikipiki hiyo hana haraka ya kuibadilisha.

Haya yananunuliwa na mtu anayeishi vumbini: mwenye kituo Baragoi, mwenye kazi za vijijini Katavi, au anayezunguka jangwa la Chalbi na ukingo wa Ziwa Turkana kwa wiki kadhaa bila kurudi lamini. Kwake raha ni ya kweli. Anayeanzia mjini ajue kwamba TKC 80 ya nyuma, kwenye pikipiki nzito yenye mzigo, mara nyingi haifikishi kilomita 6,000, na katikati huanza kuwa bapa mapema zaidi ya hapo.

Kuhusu ule udongo mweusi wa mbuga, unaojulikana vizuri na watu wa Usukumani na wa nyanda za Kenya: ukilowa hakuna tairi kwenye orodha hii litakalokuokoa. Unajaza nafasi kati ya meno, unajaza chini ya madigadi, gurudumu linasimama. Kinachosaidia ni kusubiri jua saa chache au kuvua digadi ya mbele kama imekaa chini. Usitoe fedha ya ziada kwa ajili ya udongo huo.

Nafasi ya nne: matairi ya lami yenye sura ya safari

Michelin Anakee Adventure, Metzeler Tourance Next 2, Bridgestone Battlax A41. Ni matairi mazuri mno, kwenye lami iliyolowa yanayashinda yote ya juu, na kwenye changarawe kavu iliyoshindiliwa yanapita bila shida. Kuwa ya nne hapa si dharau. Wamiliki wengi wa GS kubwa mijini hawafiki kwenye mchanga mara mbili kwa mwaka, na kama huyo ni wewe, hili ndilo kundi lako hata kama picha zake hazivutii. Ila likikukuta tope la Lushoto, lile jekundu linaloteremka na mvua, ungependa kuwa kwenye basi.

Yale ya mashindano ya jangwani sikuyapanga. Yanaisha kabla hujazoea sauti yake.

Pikipiki ndogo ni habari nyingine

Mwenye XTZ 125, DT, AG 200 au Honda XL asome sehemu hii peke yake. Pikipiki nyepesi haili tairi kama kubwa, na mara nyingi mpira huzeeka na kupasuka nyufa kabla meno hayajaisha. Huna sababu ya kuagiza Ulaya. Kashata (matairi ya meno) za kawaida za inchi 21 mbele na 18 nyuma zinapatikana Kariakoo na kwenye maduka ya vipuri Nairobi, na matairi ya India kama CEAT, MRF na TVS yanatosha kazi. Ninachokataa ni tairi lisilo na jina linaloeleweka, lenye meno marefu na ubavu unaokunjika kwa vidole viwili. Sura yake ni ya matope lakini kwenye kona ya lami linapinda kama ndala iliyochoka.

Soma ubavu kabla ya kulipa

Anza na saizi (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kisha inchi za rimu), kwa sababu pikipiki zenye jina moja hutofautiana. Himalayan ya 411 inavaa 120/90-17 nyuma, ya 450 inavaa 140/80-17. Mbele zote ni 90/90-21. Africa Twin ya kawaida na Ténéré 700 ni 90/90-21 na 150/70-18. KTM 390 Adventure za kabla ya 2025 ni 100/90-19 na 130/80-17. Mwenye R1200GS iliyotumika awe makini zaidi: za kabla ya 2013 zilikuwa 110/80-19 na 150/70-17, zilizofuata, pamoja na 1250, ni 120/70-19 na 170/60-17. Nimeona watu wakiletewa tairi sahihi la pikipiki isiyo yao.

Baada ya saizi kuna namba na herufi. Katika 70T, 70 ni mzigo wa kilo 335 kwa tairi hilo, na T ni mwendo wa kilomita 190 kwa saa. Q ni 160. Usihangaike sana na herufi, matairi ya meno mengi yana Q na hakuna barabara yetu inayodai zaidi. Namba ya mzigo ndiyo isishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, hasa kwa anayebeba abiria.

Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dirishani likipigwa na jua ni gumu hata kama vinyweleo vyake vya kiwandani bado vipo. Mimi lenye zaidi ya miaka mitano silinunui kwa bei kamili, na la mbele silinunui kabisa. Muuzaji akisema "hii bado mpya bosi, haijatembea," mwonyeshe namba.

TL (tyubulesi, isiyohitaji tyubu) na TT (ya tyubu) ni suala la tyubu. Rimu za spoki za kawaida, kama za Ténéré 700, zinahitaji tyubu, na tairi la TL linaweza kuwekewa tyubu bila tatizo. Kwenye nchi ya migunga tyubulesi ni neema: mwiba ukiingia unaziba kwa kijiti cha mpira bila kuvua gurudumu. Mwenye tyubu abebe ya inchi 21. Kwa dharura inaingia hata gurudumu la nyuma na kukufikisha mjini, wakati ya 18 haiwezi kukusaidia mbele.

Upepo

Tairi bora likiwa na upepo usiofaa linapoteza nafasi zote nilizolipangia. GS 1250 iliyobeba mzigo inataka psi (kipimo cha upepo) 36 mbele na 42 nyuma kwenye lami. Ukiingia vumbi, shuka hadi kwenye 28 au 30, kwenye mchanga mzito punguza zaidi kidogo na uende polepole. Kwenye mawe, kama yale ya lava kusini mwa Turkana, usishuke sana, kwa sababu hapo kinachopinda ni rimu. Ukirudi lamini ongeza kabla ya kukaza mwendo, maana tairi lenye upepo mdogo likibeba mzigo kwenye lami ya moto linachemka kwa ndani. Pampu ndogo ya umeme wa betri si anasa. Pampu ya baiskeli nayo inafanya kazi ukiwa na subira.

Fedha ikitosha moja

Nunua la nyuma, isipokuwa la mbele limeshazeeka au limekuwa kipara, hapo la mbele linatangulia. Agiza mapema: saizi kubwa nyingi hazikai dukani Dar wala Nairobi, na kungoja mzigo kutoka Dubai au Afrika Kusini kunaweza kula mwezi mzima wa msimu wa kiangazi. Siku ya kufunga simama na fundi, hakikisha mshale wa ubavuni unaelekea kule gurudumu linakozungukia, na kama ni tyubu mwambie aipulize kidogo kabla ya kuingiza tairileva ili asiibane. Kilomita 150 za kwanza nenda taratibu kwenye kona, tairi jipya lina ngozi laini ya kiwandani ambayo lazima ikwanguke kwanza.