Kaseroli gani ununue? Nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kuachwa dukani

Ukiingia duka la vyombo pale mjini kutafuta kaseroli, yaani chombo cha kupikia ovenini chenye kifuniko, utaambiwa zote ni za oveni, zote orijino, na zote zimebaki mbili tu. Kabla hujatoa pesa jiulize wewe hasa wapika nini, manake mtu wa lazania na mtu wa biriani hawatafuti chombo kimoja, na wengi wetu twataka kitu kiingie motoni kisha kifike mbele ya wageni bila kutuaibisha.

Namba wani kwangu ni kioo, lile bakuli la lita mbili na nusu hivi mpaka tatu, kifuniko chake kioo pia. Kuku wa kupaka wamuona vile anavyotokota pembeni, tui likianza kukatika wajua mapema, harufu ya samaki haigandi na hii hewa yetu ya chumvi haililishi kutu. Lakini lina masharti. Usilitie kwenye meko, moto wa chini utalipasua, na ukilitoa ovenini usilitue kwenye sinki lenye maji wala juu ya taili baridi, tandika kitambaa kikavu kwanza. Pyrex ilipoanza kuuzwa Marekani 1915 ilikuwa borosiliketi, kioo kinachovumilia moto na baridi vizuri, lakini siku hizi Pyrex ya jikoni ya Marekani ni kioo cha kawaida kilichokazwa tu, ile ya Ulaya ndio bado borosiliketi, kwa hivyo usinunue jina, geuza chini usome imetengenezwa wapi. Halafu pitisha kidole ukingoni pole pole, ukihisi hata kijipengo kidogo rudisha, hapo ndipo ufa utaanzia.

Ya pili ni chuma kizito kilichopakwa enameli, yaani ganda gumu linalong'aa kama kioo, kama zile Le Creuset ambazo Wafaransa wanatengeneza tangu 1925, ingawa ziko za bei nafuu zinazofanya kazi ile ile. Kwa uhodari wa kupika hii ingekaa juu ya kioo, sitakataa, manake wakaanga vitunguu humo humo kwenye gesi, watia nyama na masala, wafunika, waingiza ovenini, chombo kimoja tu cha kuosha. Nyanya, ukwaju, maziwa lala, hakuna kinachoidhuru. Nimeishusha kwa sababu ya bei na uzito, ikijaa mchuzi wahitaji mikono miwili na mtu wa kukufungulia mlango. Tumia mwiko wa mbao, enameli ikibanduka chuma kitashika kutu na Mombasa kutu haingoji. Na kama nyumbani bado mnapalia makaa juu ya kifuniko, iwe wali ama mkate wa sinia, hio kazi iachie sufuria nzito ya kawaida, kioo na enameli usizijaribu.

Jambo ambalo watu husahau ni saizi. Kuka nyingi za nyumbani, yaani majiko yenye oveni, ni sentimita 50 kwa 50 ama 60 kwa 60, lakini hio ni nje, ndani ni ndogo zaidi. Pima oveni yako kwa tepu kabla ya kutoka nyumbani, na dukani pima kaseroli pamoja na masikio yake na kitasa cha kifuniko. Kitasa cha plastiki mimi sinunui kabisa.

Tatu, seramiki, yaani udongo uliochomwa. Inapendeza mezani, inashika joto, lakini ni nzito, inamegeka, na baridi ya ghafla inaiogopa kama kioo, tena huoni ndani. Ya wageni tu.

Nne hotpoti. Kwenye boksi utakuta imeandikwa kaseroli lakini haiingii ovenini hata siku moja, ile ni plastiki nje, stili ndani, na katikati sponji. Kazi yake ni kuweka chakula kilichopikwa tayari. Mwaga ndani maji ya moto dakika tano, yamwage, kisha pakua chakula kikiwa bado chafuka moshi. Chapati zifunge kwa kitambaa zisilowe jasho la kifuniko. Ila wali wa futari usiulaze humo mpaka daku, joto likishuka chini ya digrii 60 bakteria wanaanza kuzaana, weka frijini upashe moto vizuri baadaye. Dukani bonyeza mshono wa ndani kwa kidole, ukicheza maji yataingia kwenye sponji na hio harufu haitoki tena.

Mwisho kabisa ni alumini nyembamba, inaunguza chini na mchuzi wa ukwaju unatoka na ladha ya bati. Zile trei za foili za kutupa nazo ziko sawa kwa kumpelekea jirani futari, hutaulizia chombo.