Kichuma cha kunyamazisha kengele ya mkanda: uzoefu wangu

Gari ninalosambazia mayai kutoka Kibaha hadi Dar es Salaam lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na kama yalivyo mengi ya aina hiyo, hulia kengele kiti cha abiria wa mbele kikiwa na mzigo na mkanda wake haujafungwa. Ndani ya kiti kuna sensa ya uzito, nayo haiwezi kutofautisha mtu na trei za mayai zilizopandana. Kwanza huwaka taa nyekundu. Mwendo ukishapita kama kilomita 20 kwa saa, kengele huanza kulia taratibu, kisha huharakisha.

Ndiyo maana nilinunua kichuma kinachouzwa kwenye maduka ya urembo wa magari, chenye umbo la ulimi wa mkanda, ambacho ukikichomeka kwenye kifungio gari huhesabu kwamba mkanda umefungwa. Kwa kunyamazisha, kinafanya kazi bila dosari: kiliingia bila kulazimishwa, taa ikazima, na gari likatulia.

Tatizo ni kwamba kinakaa mahali pa mkanda wenyewe. Nilipompa lifti mama mmoja tunayeuziana sokoni, aliuvuta mkanda vizuri, akapapasa pa kuuchomeka, akakuta pameziba, akauachia ukarudi juu. Hakuna taa iliyowaka wala mlio uliosikika, na kama nisingekuwa namtazama, tungeingia barabara ya Morogoro, yenye malori na mabasi ya mikoani, akiwa hajafunga. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi asilimia 50. Zaidi ya hapo, katika baadhi ya magari taarifa ya kifungio huenda pia kwenye kompyuta inayoamua mfuko wa hewa ufunguke vipi, kwa hiyo kichuma kinaidanganya hata hiyo.

Naelewa kwa nini watu huichukia kengele. Marekani iliwahi kutaka magari ya mwaka 1974 yasiwake kabla mkanda wa mbele haujafungwa, madereva wakapinga vikali, na Bunge la nchi hiyo likaiondoa amri hiyo mwaka huohuo. Hata hivyo, kero yangu haikuwa kengele. Ilikuwa mzigo uliowekwa pasipo pake. Sasa trei hukaa kiti cha nyuma, ambacho katika gari langu hakina sensa, na zikizidi hupita mbele nikizifunga mkanda wa kawaida, ambao pia huzizuia kuteleza ninapokanyaga breki ghafla.

Kichuma nakipa nyota moja kati ya tano, na simshauri mtu yeyote anayebeba abiria akinunue. Kama kengele yako inalia wakati kiti ni kitupu, au wakati mkanda umefungwa, huo ni ubovu unaotengenezeka: mara nyingi ni uchafu uliojaa kwenye kifungio, au soketi iliyolegea chini ya kiti baada ya kukisogeza mbele na nyuma. Mpelekee fundi umeme wa magari, na usichomoe mwenyewe soketi za rangi ya njano zilizo chini ya kiti, kwa kuwa rangi hiyo hutumika kwa nyaya za mifuko ya hewa.