Fundi wa ordinatere kule Birere, alinifufulia Ubuntu

Wandugu wenye kutumia Linux (mfumo wa kuendesha ordinatere, Ubuntu ni aina yake moja) hapa Goma, mashine ikiwagomea muende kwa yule fundi wa Birere mwenye kibanda cha mbao za kijani, juu wengine wote nilipitia wanajua kufomati tu. Mi nilikuwa natoka toleo la Ubuntu 22.04 naenda 24.04, moto (umeme) ukakatika katikati, betri nayo imezeeka, ikazima. Kuwasha tena, kila programu nataka kuweka, apt (chombo cha kuleta programu) inakataa, inasema dpkg (chenye kuziweka ndani ya mashine) ilikatizwa.

Fundi akaniambia, "Yaya, tusifute kitu, kwanza tuweke dokima zako kwa fulashi." Hapo njo nilimwamini. Akaandika sudo dpkg --configure -a, amri ya kumalizia programu zenye zilibakia katikati, mistari ikashuka weee ikakwama kwa kerneli (kiini cha mfumo), kumbe /boot, pahali kerneli zinakaaga, imejaa, akaondoa kerneli za zamani akabakisha ile inatumika, akarudilia ile amri, kisha sudo apt --fix-broken install, ya kutengeneza zenye hazikukamilika, na ikapita yote. Alinionyesha pia zile ripo za nje (pahali pa kutoa programu zenye si za Ubuntu yenyewe), apgredi (kupandisha toleo) inazizimaga yenyewe, usiziwashe zote mara moja, angalia kwanza kama ziko na toleo la 24.04.

Alinilipisha dola 5. Mega za internet unanunua mwenyewe na koneksio ni ya telefone, nilikaa pale karibu masaa matatu, hiyo ilinichosha kweli. Lakini dokima za wateja wangu wa sekretaria, hata moja haikupotea, jioni ileile nilikuwa naimprime.